Jumatatu usirudi kutwa nzima

Mwanangu,

Nimesoma ujumbe wako kwamba Jumatatu unarudi kazini kutwa nzima. Sijafurahi. Usingizi wa wiki mbili si kupona. Uchovu huu wa watu wenye usonji kwa kawaida huchukua miezi mitatu au zaidi, na unafuu kidogo tu ndio huwadanganya wengi.

Omba nusu siku. Ongeza jambo moja tu kwa wakati, ama saa, ama mikutano, kisha ulikalie wiki mbili. Kesho yake ukiamka maneno hayatoki, au mswaki umekushinda, punguza siku hiyo hiyo.

Kazi yenyewe unaiweza, na najivunia hilo. Kinachokumaliza ni kujificha: kutazama watu machoni, kucheka panapotakiwa, kuzuia mikono isichezecheze, huku taa zinakuchoma na watu wanaongea kwa pamoja. Tuliokuwa tukikusifu kwa utulivu huo tulikuongezea mzigo. Mikono iache icheze. Vaa vizibo vya masikio, na simu zinazoweza kuwa ujumbe ziwe ujumbe.

Mwambie daktari apime damu aone kama una upungufu wa damu au shida ya tezi ya shingo, maana navyo huchosha. Anaweza kuandika sonona. Uchovu huu haumo kama ugonjwa katika ICD-11, ile orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani. Mweleze kwamba hamu ya ramani zako ipo, nguvu ndiyo haipo. Tofauti hiyo ina uzito, kwa sababu mgonjwa wa sonona huhimizwa atoke na ajishughulishe, na wewe ukisukumwa hivyo unazidi kuzama. Lakini yote mawili huweza kukaa pamoja. Mawazo ya kufa yakija, usisubiri miadi. Nipigie hata usiku wa manane, au andika tu "njoo".

Njaa huisikii mpaka utetemeke, kwa hiyo tega alamu ya kula na ya maji. Kula kitu kile kile kila siku hakuna ubaya, usimsikilize shangazi yako.

Pazia zito la chumbani nimelifua, ndugu yako atalileta Jumamosi. Hatabisha hodi, atakuandikia akiwa mlangoni, na si lazima umkaribishe ndani. Mpe ile sufuria kubwa, naihitaji.

Nusu siku, mwanangu. Bosi akishajibu, nitumie majibu yake kama yalivyo, usinifupishie.

Mama