Somo letu la Krismasi

Mhariri,

Hapa Mwanakwerekwe kila siku naulizwa: wanao hawendi skuli? Wanasoma nyumbani, kwenye meza ileile ninayokandia unga. Wiki hii somo lilikuwa kanisa la Mkunazini. Soko la watumwa lililokuwa pale lilifungwa 1873, na jiwe la msingi la kanisa likawekwa siku ya Krismasi mwaka huohuo. Mdogo alipoona nguzo zilizosimikwa kichwa chini alicheka mpaka nikamfinya (nami nilikuwa nacheka). Mkubwa aliuliza waliouzwa pale waliitwa nani. Sikuwa na jibu. Usiku tukawaombea bila majina.

Sikukuu jirani yetu Mwislamu ataleta visheti. Kuku wa pilau yetu huchinjwa na mumewe, nao hupata sahani yao. Anayetaka kuona skuli yetu aje, ila asimwage wino.

Mama wa wawili,
Unguja