Gari lilipelekwa gereji, dereva je?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo ambalo wengi tunalificha: hofu ya kushika usukani.

Mimi ni afisa mauzo wa kampuni ya pembejeo, naishi Iringa mjini. Kazi yangu ni kuzungukia maduka ya mbegu na dawa za mifugo, Mafinga, Njombe hadi Mbarali, na kila mwezi kuteremka ghalani Morogoro, kama kilomita 300. Niliendesha pikapu ya ofisi miaka tisa bila kugusana na mtu. Machi mwaka jana, nikishuka mlima Kitonga asubuhi yenye manyunyu, semi lililokuwa nyuma yangu lilishindwa kusimama. Wanaoijua njia ile wanajua inavyokuwa: dereva mwenye haraka huteremka na gia kubwa huku akikanyaga breki mfululizo, breki zinapata moto hadi zinaacha kushika. Nilianza kusikia harufu ya breki zilizoungua, ikafuata honi ndefu, kisha nikajikuta mtaroni, vipande vya kioo vimejaa mapajani. Mtulinga ulivunjika.

Gari lilikaa gereji wiki tano. Fundi alilikagua, akabadilisha vilivyoharibika, akalijaribu barabarani, akasaini karatasi kwamba linafaa kurudi kazini. Mimi nilirudi mfupa ulipounga. Meneja alinipa pole ya dhati, akanikabidhi ufunguo. Karatasi ya kuuliza kama mimi nami nafaa kurudi barabarani haikuwepo.

Siku hiyo nilipowasha gari, mguu wa klachi ulitetemeka hadi gari likazima. Viganja vilitoka jasho, kifua kikabana, moyo ukaenda mbio nikaamini nakufa palepale kwenye maegesho ya ofisi, pasipo roli wala kona. Nilishuka nikasingizia bega. Hadi leo ofisini wanajua bega linanisumbua. Bega lilipona Agosti.

Tangu hapo kila safari naipanga kwa kuikwepa. Napanda basi la alfajiri, boksi la sampuli nimelipakata. Kuna kijana wa mtaani mwenye leseni, namlipa shilingi 30,000 kwa siku kutoka mfukoni mwangu anizungushe pale ambapo basi halifiki. Mwezi ukiwa mgumu, wateja wa huko siwafikii kabisa. Nafasi ya usimamizi wa kanda ilipotangazwa, sharti lilikuwa leseni hai ya daraja D na utayari wa kusafiri. Sikuomba. Aliyeipata nilimfundisha kazi mwenyewe.

Lakini usiku mmoja wa Oktoba uliniumiza kuliko hayo yote. Mwanetu wa miaka mitatu alipandisha homa, akaanza degedege. Gari letu lilikuwa uani, limejaa vumbi hadi watoto wa jirani wamechora kwa vidole kwenye kioo cha nyuma. Mke wangu hajui kuendesha. Nilisimama getini nimembeba mtoto, ufunguo uko mfukoni, nasubiri bajaji, na hospitali haifiki kilomita tatu. Bajaji ilichukua dakika ishirini na kitu. Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Mke wangu hakusema neno njia nzima, na tuliporudi hakusema pia.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2023, lilisema watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka duniani kwa ajali za barabarani, na wanaojeruhiwa ni kati ya milioni 20 na 50. Sisi wengine huandikwa kwamba tumenusurika, habari ikaishia hapo. Nilipoanza kudokeza yangu kwa watu ninaowaamini, nao wakafunguka. Muuguzi mmoja aliacha kazi yenye mshahara mzuri akachukua ya zahanati anayoweza kuifikia kwa miguu. Mwalimu mmoja ana leseni lakini haendeshi, kwa sababu siku ya kwanza akiwa na kibao cha L gari lilimzimikia katikati ya barabara, akapigiwa honi na kutukanwa hadi akalia. Wanaume ndio tunaoficha zaidi. Nani atakubali kusemwa kijiweni kwamba anaogopa gari?

Wapo walionishauri bia mbili kabla ya safari, au vidonge vya usingizi. Tafadhali, asijaribu mtu. Vyote hivyo vinampunguzia dereva wepesi wa kuona na kuamua.

Mimi nilikwenda kwa mwanasaikolojia wa hospitali. Nilichelewa kwa sababu ukitaja tiba ya akili watu wanawaza hospitali ya Mirembe tu. Mama yule alinieleza kwamba kila ninapokwepa usukani ndipo hofu inapopata nguvu, na kwamba ikipanda nisikimbie, nipaki pembeni salama, nivute pumzi taratibu, niisubiri ishuke, kisha niendelee. Hupanda kwa dakika chache, halafu hushuka yenyewe. Tulianza kwa kukaa ndani ya gari limezimwa, dakika kumi kila jioni. Wiki iliyofuata, kuliwasha. Kisha kuzunguka Gangilonga Jumapili asubuhi barabara zikiwa tupu. Kuteremka Ipogolo hadi barabara kuu kulinichukua majaribio manne.

Ninachoomba kwa waajiri ni kwamba mfanyakazi aliyepata ajali kazini asikabidhiwe ufunguo kabla hajaulizwa, kwa faragha, kama anaweza kuendesha, na akisema hapana isiwe kosa la nidhamu. Apewe miezi michache ya kurudi kidogo kidogo, akiwa na mwenzake pembeni. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi una huduma za utengamao miongoni mwa mafao yake. Nauomba uwaelimishe waajiri na wafanyakazi kwamba dereva anayetetemeka naye ni wa kusaidiwa arudi kazini, kama aliyevunjika mguu. OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, nao wanapokagua sehemu za kazi, wawaulize madereva habari zao, si za magari peke yake. Ninyi mlioko barabarani, mkimwona mwenye kibao cha L gari limemzimikia, mwacheni aliwashe bila honi.

Jumamosi iliyopita niliendesha peke yangu hadi Ilula. Njiani niliipata ile harufu kutoka kwa roli lililokuwa mbele yangu. Nilipaki, nikasubiri, roli likaenda zake. Nilifika sokoni nikanunua ndoo ya nyanya, nikageuza gari kurudi nyumbani. Kitonga iko mbele ya hapo, bado sijaifikia.

Naomba jina langu lihifadhiwe, kwa kuwa kazini bado sijasema.

Msomaji wako,
Iringa