Chujio limepunguza maji: limeziba, au utando umebonyea?

Chujio la maji lenye utando, yaani ngozi nyembamba ya plastiki yenye vitundu vidogo mno, likianza kudondosha badala ya kutiririsha, wengi husema limeziba. Lioshe kwanza kwa kurudisha maji kinyume. Mwendo ukirudi, ulikuwa uchafu. Usiporudi hata baada ya kuosha kwa klorini, huenda presha ya pampu imekandamiza vitundu vya utando, kama sponji iliyokaliwa kwa muda mrefu, na utando wa namna hiyo hauoshiki ukapona.

Ndiyo sababu tando zetu za polietasalfoni, aina ya polima (plastiki), tunazitia nyuzinano, yaani nyuzi nyembamba mno, za selulosi (kijenzi kikuu cha mimea) kutoka makapi ya miwa, ambayo huku Kisumu, na viwanda vya Kibos na Muhoroni vikiwa jirani, si haba. Uzi mmoja una unene wa nanomita (sehemu ya bilioni ya mita) 5 hadi 50 hivi. Unywele wa mtu hukaribia 80,000. Nyuzi hizi hukaza utando, na kwa kuwa selulosi hupenda maji, maji nayo hupenya kwa wepesi.

Makapi huchemshwa kwa kostiki soda ya 4% kwenye nyuzijoto 80 kwa saa mbili, hupaushwa kwa haidrojeni peroksaidi, huoshwa hadi ukali wa kostiki uishe, kisha husagwa mara nyingi mpaka yawe uji wa kuteleza. Uji huo ni maji matupu karibu wote. Nyuzi ni 1 hadi 2% tu.

Hapa ndipo kazi huharibikia. Ukiukausha upate unga, nyuzi hushikamana na hazitengani tena. Ukiumimina kwenye polima iliyoyeyushwa jinsi ulivyo, maji yake hugandisha polima ndani ya chombo kabla hujaitandaza. Kwa hiyo maji hutolewa polepole kwa kubadilishwa na ethanoli (alkoholi), kisha ethanoli kwa kiyeyushi cha polima, nyuzi zisikauke hata mara moja.

Kipimo ni gramu 1 ya nyuzi kwa gramu 100 za polima. Mteja huuliza mbona tusitie 5. Zikizidi hufanya mabonge, na ufa huanzia kwenye bonge. Mchanganyiko hutandazwa kwenye kioo, unene wa mikroni 200, ukazamishwa majini, ukalowekwa siku nzima.

Ukisafiri, usiuache utando ukauke: ujaze maji safi yenye sodiamu metabaisalfaiti (dawa ya kuzuia vijidudu) ya 1%, usuuze vizuri kabla ya kunywa.

Kwa wenye visima vya Nakuru: utando huu huzuia matope na bakteria, si floraidi. Floraidi imeyeyuka, hupita. Floraidi ikizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji, tafuta chujio la mkaa wa mifupa.