Wauza nyaya watuambie ukweli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Makala yenu kuhusu kuunganisha kompyuta ya mezani na runinga ili kutazama filamu niliisoma yote, na mengi mliyoeleza ni sahihi. Ila mmepita mbio mahali ambapo watu wanaliwa pesa zao, yaani kwenye waya.

Mimi ni fundi kompyuta. Kila mara huja mteja mwenye mashine ya zamani ambayo nyuma ina tundu la VGA tu, lile la bluu la pini 15. Mkononi ana waya mpya, kichwa kimoja VGA, kingine HDMI (lile tundu bapa la runinga za kisasa), na muuzaji kamwambia ni kuchomeka tu. Anachomeka, runinga inaandika “No Signal”, anaanza kuilaumu runinga.

Runinga haina kosa. VGA ni ya mwaka 1987 na hutoa picha kwa analojia, yaani mawimbi ya umeme yanayopanda na kushuka, wakati HDMI inapokea dijitali, yaani tarakimu. Lazima katikati pawe na kifaa cha kugeuza, chenye saketi yake, ambacho mara nyingi huvuta umeme kutoka USB. Mteja mmoja aliniruhusu nipasue waya wake. Tulikuta nyuzi tupu zilizotoka pini hadi pini, hakuna hata chembe ya saketi. Waya wa aina hiyo unauzwaje kwa kazi hii, Mhariri? Tena VGA haibebi sauti, kwa hiyo hata hicho kifaa cha kugeuza kinunuliwe chenye tundu la sauti, upitishe waya mwembamba kutoka tundu la kijani la kompyuta.

Msomaji aangalie matundu ya nyuma ya mashine yake kabla ya kwenda dukani. Akikuta HDMI, ana bahati: waya mmoja unapeleka picha na sauti. DVI ya dijitali, tundu jingine la picha, nayo haina shida, waya wa kawaida wa kwenda HDMI unatosha, ila sauti asiitegemee sana. Akikuta DisplayPort, nalo ni tundu la picha, waya wake wa kwenda HDMI hupeleka picha upande mmoja tu, kutoka kompyuta kwenda runinga, na ndicho anachotaka. Kama mashine ina kadi ya picha, yaani kifaa cha ziada cha kutengeneza picha chenye matundu yake, achomeke kwenye kadi, si kwenye matundu ya juu ya ubao mkuu (motherboard). Hili la mwisho huwasumbua hata vijana wanaojiita wataalamu.

Picha ikitoka na sauti ikabaki kwenye spika za kompyuta, abofye alama ya spika achague runinga. Kingo za picha zikikatwa, mara nyingi dawa iko kwenye menyu ya runinga, si ya kompyuta. Kwenye baadhi huitwa “Just Scan”, kwingine “Screen Fit”. Na huo waya wa vichwa vya dhahabu hauongezi uzuri wa picha hata kidogo.

Ombi langu kwenu ni dogo: chapeni picha kubwa ya matundu hayo manne (VGA, HDMI, DVI na DisplayPort), msomaji aikate aende nayo dukani. Na wauzaji waandike kwenye pakiti kama ndani mna kifaa cha kugeuza au ni waya mtupu.

Msomaji wenu,
Fundi kompyuta