Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mbolea kwenye Miti Yetu

Ndugu wanachama,

Ya kawaida nayapitia upesi. Mikinga moto ilifyekwa kabla kiangazi hakijakaza, kitalu kilitoa miche kwa wakati, na hesabu za fedha mtasomewa na mweka hazina. Muda uliobaki naomba niutumie kwenye suala lililotugawa mwaka mzima: tuweke mbolea kwenye mipaina na milingoti (mikaratusi), au tuache?

Mwaka jana mimi ndiye niliyelipigia debe jambo hili. Leo bado naiunga mkono mbolea, ila si popote wala si wakati wowote.

Mahindi unayatia mbolea Desemba, katikati ya mwaka unavuna. Mti unakusubirisha. Chukueni ekari moja ya mipaina, nafasi ya meta 3 kwa 3: ni mashimo kama 450. Gramu 100 kwa shimo zinafika kilo 45, karibu mfuko mzima. Pamoja na vibarua tuseme shilingi 80,000. Ukizikopa siku ya kupanda kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka na kuvuna mwaka wa 15, utakuwa unadaiwa takriban 334,000. Ukizitumia mwaka wa 10, baada ya kupunguzia miti, siku ya kuvuna deni ni kama 129,000. Mbolea ni ileile, lakini gharama haifiki hata nusu.

Wenzetu wa Sweden wanaifuata hesabu hiyo. Huweka nitrojeni, chakula kinachokuza majani, kilo 150 hivi kwa hekta, miaka kama 10 kabla ya kuvuna, na hupata meta za ujazo 10 hadi 20 za magogo ya ziada kwa hekta. Lakini kwao baridi huchelewesha majani kuoza, nitrojeni ikabaki imefungwa kwenye takataka za msitu. Huku Mufindi udongo wetu mwekundu unang'ang'ania fosfati, chakula cha mizizi, na sehemu nyingi zina boroni haba, madini ambayo mti huyahitaji kidogo tu. Tukinakili kipimo chao tutakuwa tumenunua dawa ya ugonjwa wa jirani.

Kuhusu boroni naomba mnisikilize vizuri. Mlingoti ambao kiangazi kikikolea ncha yake inakauka, kisha mvua zikirudi unachipua machipukizi matatu manne yanayogombania juu, wengi tumeulaumu mchwa au mbegu mbaya. Mara nyingi ni boroni. Ukame unazidisha tatizo, kwa kuwa mizizi huipata boroni kupitia maji ya udongoni. Mti wa namna hiyo unaweza kuwa na ujazo mwingi lakini hautoi nguzo wala ubao ulionyooka. Gramu chache kwa mti zinatosha, na zikizidi zinaunguza mche, hivyo zipimwe, zisikisiwe kwa kiganja. Nikiambiwa nichague mbolea moja tu kwa fedha kidogo tulizo nazo, nitachagua hii.

Kwenye fosfati nina sharti moja: shamba lisilopaliliwa lisipewe. Nyasi zitaila kwanza, zitarefuka, na Septemba zitakuwa kuni za moto wa msituni.

Sasa linaloniuma zaidi. Wengi wetu tunauza shamba kwa jicho. Mnunuzi anatembea, anatazama, anataja bei ya ekari nzima. Mti uliotoka sentimeta 20 za kipenyo ukafika 22, eneo la uso wa gogo lililokatwa limeongezeka kwa asilimia 21. Nani kati yetu aliwahi kulipwa hiyo 21? Bei ya jicho haiioni, kwa hiyo faida ya mbolea inaondoka na mwenye mashine ya kupasua mbao. Kabla ya mfuko wa mbolea, kila kikundi kiwe na utepe wa kupimia, na miti ipimwe kwenye usawa wa kifua, meta 1.3 kutoka chini, kila mwaka, na iandikwe.

Kamati inaleta mapendekezo mawili kwenu mpige kura. La kwanza, chama kisikopeshe fedha za mbolea ya kupandia msimu huu. La pili, tupeleke sampuli za udongo maabara, kisha tufanye majaribio kwenye mashamba matatu ya wanachama: nusu ekari yenye mbolea, nusu ekari jirani bila mbolea, miti ya umri mmoja na mbegu moja, palizi sawa. Anayejitolea shamba aandikishe jina kwa katibu leo, na akubali kwamba ile nusu isiyowekwa mbolea hataigusa hata roho ikimsukuma.