Akhwari Mnamtaja Nusu: Barua kwa Vijana wa Ndondo, Tanga

Wanangu mnaokimbia alfajiri njia ya Raskazone, na nyinyi wa ndondo, mpira wa mtaani, wa Makorora, Msambweni na Chumbageni,

Salaam aleikum. Mimi ni yule mzee wa penye kahawa, mwenye baiskeli iliyoegemezwa ukutani. Shikamoo zenu huzipokea zote. Leo nina neno, na nimeona niliandike, kwa sababu kila nikifungua mdomo mnasema "haya mzee" na miguu imeshaondoka.

Jumapili nilimwona mwenzenu mmoja, winga wa kushoto, akijifunga goti kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Alizungusha mara nne, akakaza kwa meno, akakanyaga chini kulijaribu. Uso ukamkunjika. Wenzake pembeni wanamsifu: mwanaume huyo, Akhwari huyo! Akaingia uwanjani. Kahawa yangu ikanishinda kunywa.

Akhwari, mkimbiaji wetu wa marathoni wa Tanzania, mnamtaja, lakini mnamtaja nusu. Nusu mnayoijua ni ya marathoni ya Olimpiki, Mexico City, tarehe 20 Oktoba 1968. Mji ule uko juu, kama mita 2,240 kutoka usawa wa bahari, hewa yake nyepesi. Misuli ya John Stephen Akhwari ikamkaza, kisha kwenye kubanana na wenziwe akaanguka, goti likateguka, bega likapiga chini. Akafungwa bandeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishamaliza kwa saa 2 na dakika 20. Wetu aliingia uwanjani kiza kimetanda, watu wengi wameshakwenda zao, kwa saa 3 na dakika 25. Walianza 75, wengine wakaachia njiani, yeye akawa wa 57, na nyuma yake hapakuwa na mtu. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, akajibu kwamba nchi yake haikumtuma maili 5,000 akaanze mbio, ilimtuma akamalize.

Hapo ndipo mnapofunga kitabu. Sasa someni ukurasa unaofuata: mwaka 1970, Edinburgh, Michezo ya Jumuiya ya Madola. Mtu yuleyule, marathoni ileile ya kilomita 42, akawa wa tano kwa saa 2 na dakika 15. Hesabuni wenyewe dakika zilizopungua. Kati ya tarehe hizo mbili hakuna picha wala makofi, na mimi uvumilivu wa mwanamichezo nauona humo zaidi kuliko kwenye ile bandeji. Mbio za Olimpiki huja mara moja kwa miaka minne. Ndondo ya kushindania jezi na mbuzi ipo kila Jumapili.

Nasema hivi kwa sababu nililipa. Nilicheza beki wa kulia, enzi mkonge ukiwa mkonge. Goti lilinitoka kwenye nusu fainali. Siku ya fainali kiongozi mmoja wa timu, jina lake nalimeza, akaja na mtu mwenye sindano. Baada ya dakika chache goti lilinyamaza kama la mtu mwingine. Tukashinda, nikabebwa mabegani. Usiku ganzi ilipokwisha nililia mpaka mama akaamka, na asubuhi goti lilikuwa limejaa kama dafu. Maumivu ni mlinzi wa nyumba, wanangu. Ile sindano ilimlaza mlinzi, mwizi tukamwacha ndani. Kiongozi yule hakuja hata kunijulia hali.

Nilikaa nje miezi tisa. Mtaalamu wa tiba ya viungo alinionyesha kitu cha kuchekesha: lala chali, nyoosha mguu, kaza msuli wa paja, hesabu mpaka tano, achia. Mara kumi, asubuhi na jioni. Hakuna anayekushangilia ukikaza paja juu ya mkeka. Nilipoimarika akaniambia nitembee baharini, maji ya kiuno, kwa kuwa maji hukubebea uzito. Baadaye ikaja baiskeli, na mji wetu huu tambarare umeumbiwa baiskeli. Siku ya kwanza kutoka Ngamiani hadi Mkwakwani nilishuka mara mbili. Kuna mama alinipita na tenga la samaki nyuma, akanipa pole. Pole ile iliniuma kuliko goti.

Nilirudi nikacheza misimu minne. Kasi haikurudi yote, siwadanganyi. Nilijifunza kusimama mahali pazuri kabla mpira haujafika.

Nyinyi makocha, mchezaji akishika goti mtoeni, msimwulize kama anaweza. Ataweza tu, ana miaka 19. Goti likivimba, likinasa au likilegea unapokanyaga, hilo ni la hospitali kwanza, si la kukandwa na jirani. Anayelikanda bila kujua kilichokatika ndani anaweza kuliharibu zaidi.

Na wewe winga, unajijua. Nenda kapimwe wiki hii, nauli njoo uchukue kwangu, usione haya. Wakikuruhusu kuendesha, baiskeli yangu ipo. Mnyororo nimeutia mafuta jana. Utandike kiti juu kidogo, goti lisijikunje sana, na gurudumu la nyuma linapunguza upepo, kwa hiyo njoo na pampu. Ile tyubu niachie mimi, nina ndoo ya kufungia kisimani.

Mzee wenu wa kahawa,
Tanga