Mama Yangu Si Mlinzi wa Mabegi ya Wateja Wenu

Kwa Meneja Mkuu,
Kampuni ya Utalii,
Manila.

YAH: MALALAMIKO NA MADAI YA FIDIA – SAFARI YA ROMA, FIRENZE NA VENEZIA

Bwana Meneja,

Natanguliza salamu na heshima zote zinazostahili cheo chako. Barua pepe zangu zilijibiwa na mashine kwamba maoni yangu ni ya thamani sana kwenu, kwa hiyo nimeona bora niandike kwa karatasi na kukuelekezea wewe mwenyewe. Masharti ya safari unayajua, ninyi ndio mliyoyaandika. Sitayarudia. Nitaanzia Firenze, ingawa safari ilianzia Roma, kwa sababu kila nikishika kalamu mkono unakwenda huko.

Jumanne asubuhi, mlangoni pa Uffizi, jumba la makumbusho ya picha, mwongoza watalii wenu aligawa tiketi za kuingilia, zikapungua moja. Mimi nilikuwa nimeshapita ukaguzi na waliotangulia. Aliwatazama waliobaki nje, akamchagua mama yangu, akamwambia akae alinde mabegi ya kundi mpaka tutoke. Mama akakaa. Aliyelipa nauli, hoteli na hizo tiketi, sawasawa na kila aliyeingia ndani, alikaa nje akilinda mabegi ya wenzake.

Ofisini kwenu nilipopiga simu niliambiwa Waitaliano ni watu wa utani. Nitalirudia hilo.

Jana yake, Jumatatu, ndiyo siku ambayo ratiba yenu ilituahidi sanamu ya David ya Michelangelo. Bwana Meneja, Galleria dell'Accademia, jumba inamohifadhiwa sanamu hiyo, hufungwa kila Jumatatu. Hili halihitaji uchunguzi. Anayeuza safari za Firenze anapaswa kulijua kama anavyojua bei zake. Tulipelekwa uwanja wa Piazza della Signoria, tukaonyeshwa sanamu iliyosimama mbele ya Palazzo Vecchio, na mtu wenu akatamka mbele ya wote, "Huyu ndiye." Siye. Sanamu halisi iliondolewa pale mwaka 1873 ili isiendelee kuliwa na mvua na jua, na hiyo tuliyopiga nayo picha ni nakala iliyowekwa 1910. Wenzetu wengine wamezituma picha hizo nyumbani wakiamini wamesimama chini ya kazi ya mkono wa Michelangelo. Mmetuuzia mbuzi kwenye gunia, na mpaka leo wapo ambao hawajalifungua.

Nisieleweke vibaya, Italia yenyewe haikutukosea. Pantheon, lile hekalu la kale la Roma, ilinifunga mdomo. Tundu lile juu ya kuba liko wazi kabisa, mvua ikinyesha inaingia, na sakafuni kuna vitundu vidogo vya kupitishia maji ambavyo usipoonyeshwa huvioni. (Alituonyesha mlinzi wa pale. Mtu wenu alikuwa kwenye simu.) Mama alisimama katikati akitazama juu mpaka shingo ikamuuma. Yeye amesali kanisa la San Agustin, kule Intramuros, mji mkongwe wa Manila, tangu utotoni, chini ya dari ambayo ukiiangalia utaapa ni mawe yaliyochongwa, kumbe ni rangi tupu. Waliichora mafundi wa Kitaliano, Alberoni na Dibella, mwaka 1875. Ndicho kilichomfanya aombe safari hii: aone kwao mafundi wale. Na ndiye mliyemzuia kuingia kwenye jengo ambalo picha zake zingemweleza hayo yote.

Jumapili ya Roma nayo msidhani nimeisahau. Ratiba iliandika misa Santa Pudenziana, kanisa wanakokutana Wafilipino wa Roma, lenye mozaiki ya Kristo akiwa ameketi kati ya mitume, moja ya mozaiki za kale kabisa katika makanisa ya mji ule. Basi likapita njia nyingine na kutushusha kwenye maduka ya bei za punguzo nje ya mji. Kwa nini, anajua dereva na wanajua wenye maduka. Mama alikuwa amebeba maembe makavu aliyotumwa na jirani yetu kumpelekea binti yake anayefanya kazi Roma, na miadi yao ilikuwa pale kanisani, baada ya misa. Binti wa watu alingoja. Maembe yalirudi Manila.

Venezia mlitulaza Mestre, ng'ambo ya daraja, bara, wakati karatasi yenu inasema "karibu na mifereji". Kisha ndani ya basi mtu wenu akakusanya euro 5 kwa kila kichwa, eti ni ile ada ambayo Venezia ilianza kuwatoza wageni wa kutwa mwaka 2024. Mgeni anayelala Mestre hatozwi ada hiyo, kwa kuwa Mestre imo ndani ya manispaa ya Venezia na kodi ya malazi anailipia hotelini. Risiti hatukupewa. Zilikwenda wapi? Pale kanisa la San Marco tulipewa muda wa kutazama tu, kwa nje, wale farasi wa shaba walionyakuliwa Konstantinopoli mwaka 1204. Hata hao wa nje ni nakala, halisi wamehifadhiwa ndani, ila pale angalau hakuna aliyeapa mbele yetu kuwa ndio wenyewe.

Narudi Uffizi, kwa sababu nilivyosimulia juu nimesimulia kwa adabu mno.

Tiketi zilipopungua, mtu wenu hakuuliza nani yuko tayari kusubiri. Hakupiga simu ofisini. Alimnyoshea mama kidole, kisha akamgeukia msafiri mwenzetu mwenye miwani ya bei na mkoba wa ngozi, akamuuliza, "Huyu ni mfanyakazi wako?" Yule mama wa watu akaona haya, akacheka cheko lisilo na maana, na mtu wenu akalihesabu cheko lile kuwa jibu. Akayasogeza mabegi miguuni pa mama yangu. Akamtwika na koti lake mwenyewe. Akaingia. Nilipouliza ndani, alinijibu kuwa mama anakuja na kundi la nyuma. Hakukuwa na kundi la nyuma.

Nilipotoka nilimkuta ameketi kwenye ngazi ya mawe, juu yake zimesimama sanamu za wakubwa wa Toscana, Galileo na Vespucci wakiwemo, mabegi ameyapanga kwa ukubwa, koti la yule bwana amelilaza mapajani lisishike vumbi. Aliniambia, "Hakuna neno, mwanangu, hata hivyo miguu ilikuwa imechoka." Mwanamke huyu amefundisha historia sekondari mpaka akastaafu. Amewasomesha watoto wa Manila habari za Pigafetta, Mtaliano wa Vicenza, aliyeandika jinsi Magellan alivyofika visiwani kwetu mwaka 1521. Angeweza kumfundisha mtu wenu kazi yake.

Wala sisemi kazi ya ndani ni aibu. Shangazi yangu ameifanya Milano miaka mingi na ada yangu ya chuo ilitoka kwenye mikono hiyo. Lakini yeye alilipwa. Mama yangu ndiye aliyewalipa ninyi. Na ninyi si Waitaliano, ni Wafilipino wenzetu, mnaojua vizuri Mfilipina anavyochukuliwa kule, na bado mkampa mtu huyo orodha ya majina yetu bila kumwambia neno.

Mwanzoni nilitaka barua ya kuomba radhi, ielekezwe kwa mama, pamoja na euro zetu za Venezia. Baada ya ile simu ya "utani" nilisema nusu ya gharama. Leo, nikiwa nimeyaandika yote haya mpaka mwisho, nataka gharama yote ya mama irudishwe, nusu ya yangu, barua ya radhi yenye sahihi yako wewe na si ya karani, na mtu yule asiongoze tena kundi lolote linalotoka nchi hii kwa jina lenu.

Muda wenu ni mpaka mwisho wa mwezi huu. Ukipita, nafungua kesi mahakama ya madai madogo, ambayo husikiliza madai ya hadi peso 1,000,000 na mawakili hawaruhusiwi kusimama kumtetea mtu. Kwa hiyo hutaweza kumtuma wakili, tafuta mtu wa kampuni atakayemweleza hakimu utani huo ulikuwa upi. Mama atakuwepo.

Wako,
Mteja wenu, kwa niaba ya mama yake

Nakala: Idara ya Utalii, iliyowapa kibali (imeshapelekwa).